Homa ya Mama Mja Mzito, na Sukari ya Damu Yake

Habari za mbu na chandalua mmezisikia mara nyingi, na wengi wenu mwaweza kuwafundisha wengine. Mwezi huu twataka kuwaeleza jambo jingine, ambalo twaona halijulikani sana nyumbani, wala hata kwa waalimu wengi ambao watu huwagongea mlango usiku wakipatwa na ugonjwa. Nalo ni hili: mwanamke mwenye mimba akishikwa na malaria kali, yaweza kuwa kinachomwua si moto wa mwili peke yake, bali ni kupungukiwa na sukari katika damu. Jambo hili huja kwa siri, tena hufanana na mambo mengine, na pengine huletwa na dawa yenyewe aliyopewa ili apone.

Tumfikirie mke wa mwalimu, mzaliwa wa milima ya Usambara, ambaye mumewe amehamishwa kwenda kufundisha katika nchi tambarare ya upande wa Muheza. Mimba yake ni ya kwanza, nayo imefika mwezi wa saba. Wiki chache baada ya kuhama apatwa na homa. Kichwa chamwuma, atapika kila alacho, hata siku ya pili hana kitu tumboni ila maji. Apelekwa zahanati, damu yapimwa, vijidudu vya malaria vyaonekana, naye apewa dawa. Jioni moto wa mwili wapungua, na jamaa wote wafurahi. Lakini katikati ya usiku mama yule atoka jasho jingi la baridi, mikono yatetemeka, moyo wamwenda mbio. Asema maneno yasiyo na maana. Amkaripia mama mkwe wake, ambaye siku zote humheshimu. Kisha anyamaza na kulala, usingizi mzito usio wa kawaida.

Hapo waliomo nyumbani hugawanyika. Mmoja asema, Homa imemtoka, mwacheni apumzike. Wa pili asema, Malaria imempanda kichwani. Wa tatu anong'ona habari za pepo, na kwamba nyumba ile ya mwalimu ilijengwa mahali pasipofaa. Lakini hakuna aliyetaja ya kuwa mama huyu hajala kitu tangu jana kutwa, na damu yake imekuwa kama taa iliyokwisha mafuta.

Sasa tueleze jinsi mambo haya yanavyokuwa. Mtu akila ugali, au ndizi, au muhogo, tumbo huvigeuza vyakula hivyo kuwa sukari, nayo huingia katika damu na kupelekwa mwilini mwote. Viungo vingine vyaweza kuvumilia vikikosa sukari kwa kitambo, maana vyajua kutumia mafuta ya mwili. Lakini ubongo huitegemea sana. Uzito wa ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu, lakini hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili uliotulia, wala hauna ghala yake ya kutosha. Ghala ni ini. Mtu asipokula, ini hutoa sukari iliyowekwa akiba, na akiba ikipungua hutengeneza nyingine, ili ubongo usikose. Tena kuna kiungo nyuma ya tumbo kiitwacho kongosho, ambacho hutoa maji yaitwayo insulini. Kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu na kuiingiza katika nyama za mwili. Insulini ikizidi, sukari ya damu hushuka.

Mwenye mimba ana hatari katika kila upande wa mambo hayo. Mtoto aliye tumboni hula sukari ya mama usiku na mchana, wala hangoji wakati wa chakula. Kwa hiyo mama huyu akikaa bila kula, sukari yake hushuka upesi kuliko ya mtu mwingine. Kongosho lake nalo limezidi nguvu wakati wa mimba, laweza kutoa insulini nyingi kuliko zamani. Akipatwa na malaria kali, vijidudu vyenyewe huishi kwa sukari, na kila chembe nyekundu ya damu iliyoingiwa na kijidudu hula sukari mara nyingi kuliko chembe iliyo nzima. Ini nalo huugua, likashindwa kutengeneza sukari mpya. Basi wanaokula wamezidi, na mpishi amelala. Ndiyo maana hata kabla ya kupewa dawa yo yote, mama mja mzito mwenye malaria kali aweza kuonekana sukari yake imekwisha kushuka.

Kisha yaja habari ya kwinini. Dawa hii ilitolewa katika ganda la mti wa sinkona mwaka 1820, na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Nayo kwa zaidi ya miaka mia moja iliokoa watu wasiohesabika. Wazee wetu waujua sana uchungu wake. Lakini kwa miaka mingi watu waliiogopa kwa ajili ya wenye mimba, wakisema itaharibu mimba au kuleta uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Hofu hiyo iliwafanya wengine wakawie kuwatibu wanawake, na kuchelewa huko kuliua. Hatari iliyo kubwa kwa dawa ile, ikitolewa kwa kipimo cha daktari, ilikuwa mahali pengine kabisa.

Mwaka 1983 madaktari wa Chuo Kikuu cha Mahidol mjini Bangkok, katika nchi ya Thailand, pamoja na wenzao wa Oxford, nao ni Nicholas White na David Warrell na wengineo, waliandika ya kuwa wameona wagonjwa wa malaria kali ambao sukari ya damu yao ilishuka mno, na insulini yao ilikuwa nyingi isivyopasa. Na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo wanawake wenye mimba. Wakaonyesha kwamba kwinini hulichochea kongosho litoe insulini. Mwaka 1985 Sornchai Looareesuwan na wenzake waliandika tena, juu ya wanawake waliokuwa katika miezi ya mwisho ya mimba. Waliona kwamba kwinini ya kipimo cha haki haikuwaletea uchungu wa kuzaa. Bali homa iliposhuka, tumbo la uzazi lilitulia. Lakini sukari ilishuka kwa wengi wao, na wengine ilishuka tena na tena hata baada ya kutiwa sukari mshipani. Basi kile watu walichokiogopa hakikuwa cha kuogopwa hivyo, na kile ambacho hawakukijua ndicho kilichokuwa kikiua.

Msije mkafikiri twasema kwinini ni mbaya. Mahali pasipo dawa nyingine kwinini ingali yatumika, na mama mwenye malaria kali asiyepewa dawa yu katika hatari kubwa kuliko yule apewaye kwinini. Ila yampasa atazamwe. Kwinini ya mshipa haimiminwi kwa haraka. Kipimo cha kwanza huingia kwa muda wa saa nne, katika maji yenye sukari, na sukari ya damu hupimwa kila mara, hasa kwa mtu asiyejitambua.

Siku hizi dawa ya kwanza kwa malaria kali ni sindano ya atesuneti, iliyotoka katika mmea wa Kichina ambao bibi Tu Youyou na wenzake waliuchunguza hata wakapata dawa yake mwaka 1972; naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hii hailichochei kongosho kama kwinini. Mwaka 2005 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, kwa wagonjwa 1,461, walio wengi watu wazima: waliopewa kwinini walikufa 22 katika kila 100, na waliopewa atesuneti walikufa 15. Tena mwaka 2010 yalitangazwa majaribio ya watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na baadhi ya watoto hao walitibiwa papa hapa petu, katika hospitali ya Teule huko Muheza, na huko Korogwe, na Kilifi kwa ndugu zetu wa Kenya. Hapo tena atesuneti iliokoa wengi zaidi, na kushuka kwa sukari kulikuwa kuchache. Shirika la Afya Duniani sasa laagiza atesuneti kwa kila mwenye malaria kali, na wenye mimba wamo, miezi yote ya mimba, hata ile mitatu ya kwanza. Lakini hata yeye apewaye atesuneti hajatoka katika hatari, kwa kuwa vijidudu na njaa na ini lililougua vingalipo.

Madaktari wamekubaliana kwamba sukari ikiwa chini ya milimoli 2.2 katika lita moja ya damu, kwa mwenye malaria, hiyo ni dalili ya ugonjwa mkali. Kuipima si kazi kubwa. Kuna kimashine kidogo cha kuenea katika kiganja. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu huja kabla hujamaliza kusema Baba Yetu. Kimashine hicho hicho ndicho wanachopimiwa wenye kisukari. Basi mkimpeleka mama mwenye mimba hospitali hali amechanganyikiwa au amezimia, msione haya kuuliza kwa adabu, Je, sukari yake imepimwa? Wauguzi walio wengi hawatachukia. Kazi ni nyingi, wagonjwa wamejaa, na swali la jamaa huweza kukumbusha.

Dalili ni zipi? Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula, macho kuona giza, hasira isiyo na sababu, maneno ya ovyo, kisha usingizi usioamshika, na pengine mwili kukakamaa na kutupa viungo. Jueni ya kuwa dalili hizi karibu zote zaweza kuwa ni malaria yenyewe iliyoingia ubongoni. Wala daktari hawezi kuzitenga kwa macho, ila kwa kupima. Kutupa viungo katika miezi ya mwisho kwaweza kuwa ni kifafa cha mimba, nacho ni hatari namna yake. Tena wako wanawake ambao sukari hushuka wasionyeshe dalili hata moja. Mkunga husikia tu moyo wa mtoto tumboni umebadili mwendo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kukaa nyumbani akishindana kwa maneno ni ugonjwa gani. Safari ni moja, na ni ile ile.

Wakati mnatafuta gari au pikipiki, kuna jambo moja mwaweza kufanya. Mama akiwa macho, naye aweza kumeza vema, mpeni maji ya sukari: vijiko vinne vidogo vya sukari, visivyojaa kupita ukingo, katika kikombe cha maji safi cha kadiri ya mililita 200. Anywe polepole. Asipokuwa na fahamu, msimmiminie kitu cho chote kinywani, si maji, si uji, si dawa ya mti, maana vitaingia mapafuni na kumwua. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, mwende naye hivyo. Twajua kwamba siku hizi watu wengi wameonywa juu ya ugonjwa wa kisukari, hata wako wauogopao mtungi wa sukari kama sumu. Onyo hilo ni jema mahali pake; lakini kikombe kimoja cha maji ya sukari hakitamdhuru mwenye homa aliyekaa na njaa siku mbili, na kukikosa kwaweza kumdhuru sana.

Huko hospitali sukari hutiwa mshipani, na mara nyingi mama huamka upesi hata watu hustaajabu. Hapo ndipo makosa mengine huingia. Jamaa humwona amekaa kitako, aongea, wakaomba ruhusa ya kumrudisha nyumbani, kwa kuwa nauli ya gari ni ghali na kuku hawana mwangalizi. Sukari hiyo yaweza kushuka tena baada ya saa chache, na hasa akiwa bado yumo katika kwinini. Aachwe mpaka wauguzi waseme amepona. Na huyo aliyebaki naye ahakikishe anakula, hata kama ni uji kidogo kidogo.

Sasa twarudi kwa yule aliyenong'ona habari za pepo. Twasema naye kwa upole, maana huenda ni mzee wa kanisa, au mama mwenye imani. Mtu aliyekosa sukari ubongoni huweza kutukana, kupiga kelele, kuwakataa watu wake. Atazamaye asiyejua atasema si yeye asemaye. Tumesikia ya wagonjwa waliozungukwa na waombaji hata alfajiri, nao kumbe kikombe cha maji ya sukari kilikuwa hatua kumi tu, jikoni. Sisi twaamini maombi, na tungekuwa watu wa namna gani kama tusingeyaamini? Lakini kumbukeni habari ya binti Yairo: Bwana alipokwisha kumwinua, agizo lake la pili lilikuwa habari ya chakula, kwamba apewe kitu ale. Waombao na waombe njiani, garini. Na tena katika siku za Kwaresima, mama mja mzito aliye na homa asifunge, wala asiwepo wa kumwonea vibaya kwa kula. Kanisa halikumtwika mzigo huo.

Iko pia desturi katika sehemu nyingi za kwetu ya kumnyima mwenye mimba vyakula fulani, mayai na vinginevyo, ili mtoto asiwe mkubwa akamtesa wakati wa kuzaa. Bibi zetu waliishika kwa nia njema. Lakini mama aliyekaa miezi mingi bila kushiba, malaria humkuta na ghala tupu.

Kwa waalimu twataka kuongeza neno juu ya kuhama. Mtu aliyekulia penye malaria nyingi, mwili wake umezoea kupigana nayo kwa kiasi. Akiwa na mimba vijidudu hujificha katika kondo la nyuma, humpunguzia damu na kumfanya azae mtoto mdogo, lakini mara nyingi hazimii. Mimba ya kwanza ndiyo hupata taabu zaidi. Bali mwanamke aliyekulia milimani, au katika miji ya nchi ya baridi isiyo na mbu wengi, hana mazoea hayo, na malaria ya kwanza yaweza kumwangusha kwa siku mbili tatu. Nao wake za waalimu na wainjilisti ndio wahamao hivyo kila mwaka. Barua ya uhamisho ikija, chandalua kifungwe kabla ya vyombo, na katika juma la kwanza mama aonyeshwe njia ya kliniki, si siku ya kuugua.

Huko kliniki, tangu mwezi wa nne wa mimba, atapewa vidonge vya SP vya kumkinga, kila aendapo, ila pasiwe chini ya mwezi mmoja kati ya kipimo na kipimo. Na Shirika la Afya lataka apate vipimo vitatu au zaidi kabla ya kujifungua. Mama atumiaye kotrimoksazoli kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, kwa hiyo asiwafiche wauguzi dawa zake. Mkisikia kwamba jambo hili ni la watu wachache, si kweli: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa katika nchi 33 za Afrika zenye malaria, mimba kama milioni 12.7 ziliingiwa na ugonjwa huu. Walio wengi hawakufikia hali ya kuzimia, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa wale wanaofikia malaria kali kabisa, vifo vyaweza kukaribia nusu.

Homa ikianza, siku hiyo hiyo damu ipimwe. Kama kipimo cha kidole hakionyeshi kitu, na homa yaendelea, arudi tena, kwa kuwa vijidudu vilivyojificha katika kondo la nyuma pengine havionekani katika damu ya kidole. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge, na tangu mwaka 2022 vidonge vya mseto viitwavyo alu vimekubaliwa na Shirika la Afya hata kwa miezi mitatu ya kwanza, ambayo zamani ilitengewa kwinini. Mama anywe vidonge hivyo pamoja na chakula, maana dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikikuta mafuta kidogo, kama maziwa au mchuzi. Akitapika mara baada ya kumeza, aambiwe mwuguzi, kipimo kirudiwe.

Na akijifungua katika siku za ugonjwa, msimsahau mtoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye malaria, na hasa mama aliyetiwa kwinini, au mtoto aliyezaliwa mdogo, yeye pia sukari yake yaweza kushuka, naye hana kinywa cha kusema. Afunikwe apate joto, apewe titi katika saa ya kwanza, na kama mama hana nguvu ya kumshika, dada yake au mama mkwe amshike mtoto kifuani pa mama mpaka anyonye. Na wauguzi waombwe wampime yeye pia, kwa tone la damu ya kisigino.